Podikasti ya babu, nianzie wapi?

Binti_Kibosho: Wapendwa, nipo Moshi. Babu anasimulia alivyoambiwa na baba yake kuhusu KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kuanzishwa mwaka 1933, na wakulima kupima kahawa. Sitaki yapotee. Nina simu ya Android tu.

Fundi_Majengo: Dada, sikiliza za wenzako kwanza. Pakua AntennaPod, programu ya bure ya kusikilizia podikasti. Tafuta kipindi, jiunge, matoleo mapya yataingia yenyewe. Tumia waifai, bando lisiishe.

Mama_Rau: Mwanangu, mrekodi ndani, mapazia yamefungwa, simu karibu na mdomo wake. Mvua ikipiga bati, subirini. Na usimkatize! Wazee wakinyamaza kidogo ndipo wanakumbuka.

Binti_Kibosho: Asante mama. Watu wataipataje?

Fundi_Majengo: Pandisha rekodi kwenye Spotify for Creators, huduma ya kuchapishia podikasti, kisha washa RSS, yaani anwani ya kipindi chako mtandaoni, kwenye mipangilio. Anwani hiyo ndiyo programu nyingine huifuata.