Klabu ya Jumamosi imemshangilia nyangumi, sasa nifanyeje?

Mwalimu wa Raskazone:

Salaam wana jukwaa. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na Jumamosi asubuhi nakaa na watoto 17 wa darasa la tano na la sita tunasoma. Maktaba hatuna, tuna boksi la vitabu vya msaada. Humo nimekuta Moby-Dick iliyofupishwa, ya picha, Kiingereza chepesi. Nasoma, naeleza kwa Kiswahili, tunabishana.

Ubishi ulianza mapema. Kile cha kumchomea nyangumi nilikiita mkuki. Kijana mmoja, baba yake mvuvi, akanikatiza: "Mwalimu, hiyo chusa. Mkuki ukiurusha umekwenda, chusa ina kamba." Haya, chusa. Tukafika kwa Kapteni Ahab, aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe na sasa anazunguka bahari zote kumsaka. Nilitegemea watamhurumia. Wapi! "Kwani nani alimfuata mwenzake?" Kisha binti anayekaa mbele akauliza kama wanamla. Hapana, nikasema, wanataka mafuta. Ya kupikia? Ya taa. Akaniangalia kama nimemdanganya. "Mnyama mkubwa hivyo, kwa ajili ya koroboi?"

Sasa klabu nzima iko upande wa nyangumi na bado kurasa ishirini. Mwisho naujua: meli inazama, anabaki mtu mmoja. Niwasomee au niruke? Na wadogo zao wa darasa la kwanza wanaokuja kuchungulia dirishani niwape nini? Na mimi mwenyewe, miaka 41, Kiingereza cha kufundishia tu, nikijaribu kile kizima nitakiweza?

Mama Nasra:

Mwalimu, mwisho soma. Watoto wa pwani wanajua chombo huzama. Mimi nina wa miaka sita, kila akisikia nyangumi anataka kujua Nabii Yunus mle tumboni alikuwa anaona kwa taa gani.

Hao wa dirishani watafutie kile cha Julia Donaldson cha konokono na nyangumi. Konokono anatembezwa dunia akiwa juu ya mkia wa nyangumi, nyangumi anakwama ufukweni, basi konokono anajikokota hadi shuleni, anapanda ubaoni na kuandika kwa ute wake kwamba nyangumi aokolewe. Mwanangu alikaa wiki nzima akikusanya konokono awafundishe kuandika. Ukuta wangu bado una alama.

Mtu wa Wete:

Mwalimu, habari za Tanga. Huu mwaka wangu wa tisa New Bedford, Massachusetts, kiwanda cha samaki, zamu ya usiku. Msimuliaji wa kitabu chako analala mji huu kabla ya kwenda kupanda meli, na mji haujasahau. Kuna kanisa la mabaharia ambalo kitabuni lina mimbari yenye umbo la omo la meli. Kanisani haikuwepo. Filamu ikatoka 1956, watalii wakawa wanaingia wanaiulizia, mwishowe mwaka 1961 wakaijenga. Nami nimeipiga picha kama mjinga mwingine.

Makumbusho ya hapa yametundika mifupa ya nyangumi wa buluu tangu 2000, na miaka yote hii inatoa mafuta, tone kwa tone, wameweka na chupa ya kukingia. Mtu akiniuliza walikuwa wanatafuta nini baharini miaka mitatu mitatu, namwonyesha ile chupa.

Binti wa koroboi mwambie hivi: koroboi ndiyo iliyowaharibia biashara. Nyangumi wa kitabu hicho, yule mwenye meno na kichwa cha mraba, alibeba kichwani mafuta yaliyotoa mishumaa bora kuliko yote. Mwaka 1859 wakachimba kisima Pennsylvania, mafuta ya taa yakawa rahisi, bandari hizi zikaanza kupoa. Ila usiishie hapo ukawadanganya: karne ya 20, kwa meli za injini na chusa za kufyatuliwa kwa mzinga, waliuawa wengi zaidi, kwa sabuni na majarini. Uwindaji wa kibiashara ulikuja kusimamishwa kimataifa 1986.

Kitabu kizima utakiweza, lakini kina sura 135, usikianze kama mtihani. Fungua sura ya 87. Karibu na mlango wa bahari wa Sunda mashua inajikuta katikati ya kundi kubwa, maji yametulia, mabaharia wanachungulia chini na kuona mama wananyonyesha, kitoto kimoja bado kina kitovu chake. Hapo hata wauaji wananyamaza. Toleo nililosoma mimi kwa mara ya kwanza, la picha kama lako, lilikuwa limeitoa sura hiyo likabakiza mbio.

Kisha sura ya 93, hiyo soma mwenyewe kwanza. Pip, kijana mweusi, anaruka kutoka kwenye mashua kwa woga. Anaambiwa asirudie, kwa sababu Alabama, walikouza watumwa, nyangumi angeuzwa mara thelathini ya bei yake yeye. Nilikuwa nasoma wakati wa mapumziko kiwandani. Nilikifunga, nikarudi kazini.

Na moja ambalo wengi kwetu hawalijui. Mwaka 1846 Mmarekani J. Ross Browne alitoa kitabu cha safari yake kwenye meli ya nyangumi, na Unguja imo katika jina la kitabu, maana alishuka na kukaa pale. Melville, mwandishi wa hicho kitabu chako, alikihakiki 1847, miaka minne kabla ya Moby-Dick. Kwa hiyo kabla Ahab hajazaliwa, aliyemzaa alishasoma habari za Unguja.

Dau la Mchana:

Yote mazuri, lakini mnawatesa watoto na Wamarekani wa zamani. Nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu Julai hadi Septemba wakitoka kusini kwenye barafu kuja kuzaa. Waulizeni wavuvi. Na ambari je? Kitu cha tumboni mwa huyo huyo mwenye meno, babu zetu waliokiokota ufukweni waliuza Arabuni karne nyingi kabla ya New Bedford kuwa mji. Nani ameandikia watoto hadithi hiyo?

Mwalimu wa Raskazone:

Nimerudi. Nimewasomea sura ya 87, sentensi moja moja, saa nzima kwa kurasa mbili. Yule wa chusa alinyamaza mpaka penye kitovu, akasema baba yake aliwahi kuona mama na mtoto nje ya mwamba, wakazima injini wakasubiri wapite. Mwisho wa meli nimewasomea pia. Walipiga makofi. Niliposema Pip naye alikuwemo ndani ya meli, makofi yakaisha.

Dau, la ambari tutaliandika wenyewe, madaftari yapo. Mtu wa Wete, hicho cha Browne nakipataje?

Mtu wa Wete:

Kipo bure mtandaoni, haki zake zilikwisha zamani. Ukitaka, ruka hadi Unguja. Ila pitia peke yako kabla hujakipeleka kwa watoto, anatutazama kama Wazungu wengi wa wakati wake walivyotutazama.