Van Gogh alijifunzaje kuchora bila kumaliza chuo?

Penseli Butu:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa Zundert mwaka 1853, aliamua kuwa mchoraji akiwa na miaka 27, baada ya kuondolewa katika kampuni ya kuuza picha na kushindwa uinjilisti miongoni mwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Alifariki mwaka 1890, kwa hiyo miaka yake ya kazi haikuzidi kumi. Naomba kueleweshwa: mtu ambaye hakumaliza chuo chochote aliupataje ustadi ule? Ni kipaji tu?

Mzee wa Turubai:
Ndugu yangu, ukitazama michoro yake ya mwanzo, yenye watu waliokakamaa kama magogo, huwezi kukiona hicho kipaji. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kurudia. Alinakili karatasi zote 60 za mazoezi ya kuchora kwa makaa zilizoandaliwa na Charles Bargue, na hakuridhika na kuzipitia mara moja.

Alipokuwa The Hague, mwaka 1882, alitengenezewa fremu ya mbao iliyotandazwa nyuzi za kukatizana, akaipeleka kwa mhunzi ikatiwe ncha za chuma miguuni ili isimame imara hata kwenye mchanga wa ufukweni. Alichungulia mandhari kupitia nyuzi hizo, akahamishia karatasini kile alichokiona kila kitu mahali pake, na kwa njia hiyo akazoea kupima umbali kwa jicho. Baadaye, kijijini Nuenen, alichora takriban vichwa 40 vya wakulima kabla ya kukamilisha “Wala Viazi” mwaka 1885. Rafiki yake Anthon van Rappard aliikosoa vikali chapa ya picha hiyo, na kwa upande wa maumbo ya miili naona hakukosea sana.

Rangi Mbichi:
Nakubaliana na Mzee kuhusu mazoezi, lakini tusiwasahau walimu. Anton Mauve, mume wa binamu yake, ndiye aliyemwongoza katika rangi za maji na za mafuta, mpaka walipokosana, na sababu mojawapo ilikuwa Vincent kukataa kuchora kwa kutazama sanamu za plasta. Mapema mwaka 1886 alijiandikisha katika chuo cha sanaa cha Antwerp, akavutana na waalimu, na baada ya wiki chache akaenda zake Paris. Uamuzi wa kumshusha hadi darasa la wanaoanza ulipitishwa bila yeye kungoja kuusikia. Huko Paris alihudhuria kwa muda studio ya Fernand Cormon, alikofahamiana na Émile Bernard na Toulouse-Lautrec, na ni katika mji huo rangi zake za udongo ziligeuka kuwa angavu.

Hata hivyo, hesabu ya rangi aliendelea kuifanya peke yake. Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam yamehifadhi kisanduku chake chenye madonge ya nyuzi za sufu, ambazo alizioanisha ili aone rangi ipi huichangamsha nyenzake kabla ya kupoteza rangi ya mafuta kwenye turubai.

Penseli Butu:
Nawashukuru sana nyote. Je, rangi na turubai alizinunua kwa fedha za nani?

Mzee wa Turubai:
Za mdogo wake Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha mjini Paris na aliyemtumia fedha kwa miaka yote hiyo. Tangu mwaka 1884 walipatana kwamba, badala ya kuhesabiwa msaada, fedha hizo ziwe malipo ya picha, nazo ziwe mali ya Theo. Hata hivyo hazikutosha kuwalipa watu wakae wachorwe, na ndiyo maana Paris alijichora mwenyewe kwa kutumia kioo mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Turubai nazo zilipopungua, aligeuza zile za Nuenen na kuchora nyuma yake, hivyo zipo ambazo upande mmoja una mkulima na upande wa pili una Vincent.