Wabunge wa majimbo Marekani wanaumiza kichwa na nini hasa?

Wakuu habari, hivi hawa wabunge wa majimbo kule Marekani (sio wale wa Kongresi Washington) mbona kila mwaka ni kelele za bajeti, si hela inatoka serikali kuu?

Jibu: Mkuu hiyo inasaidia tu. Serikali kuu inaweza kukopa ikaziba pengo, ila karibu majimbo yote yanabanwa na sheria bajeti ilingane na mapato, ukiacha Vermont, kwahiyo makusanyo yakishuka ni wapunguze hela za shule na vyuo au wapandishe kodi, na wapiga kura wao hawataki kusikia yote mawili.

Jibu: Ongezea Medicaid, matibabu ya wenye kipato cha chini. Serikali kuu inalipa angalau nusu, jimbo linamalizia. Sasa sheria ya Julai 2025 imeleta sharti la masaa 80 ya kazi kwa mwezi kwa watu wazima wengi walioongezwa kwenye mpango, na majimbo ndo yatakagua. Hapo ndo naogopa, mtu anapiga kazi kabisa alafu anakosa dawa kisa fomu haijafika.

Muuliza swali: Aisee, na muda wa kujadili yote hayo wanao?

Jibu: Texas kikao cha kawaida ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, mshahara dola 600 kwa mwezi, posho ipo lakini mwalimu au muuguzi ataachaje kazi akagombee? Binafsi naona hili ndo la kurekebishwa kwanza.