Tupeane uzoefu: umewahi kucheka ukisoma kitabu kinachohusu maiti?

Ndugu wasomaji, nimemaliza kitabu kinachoeleza kazi ambazo miili ya wafu imekuwa ikiwafanyia walio hai, na mwandishi wake anasimulia kwa uso mkavu kiasi kwamba nilijikuta nikicheka peke yangu usiku, kisha nikanyamaza ghafla kama mtu aliyeangua kicheko mazishini. Kilichonifikisha hapo ni habari za Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, Marekani, ambako watafiti walitumia maiti kupima kishindo ambacho fuvu na kifua vinaweza kuhimili, ili magari yaundwe kwa namna ya kuwanusuru abiria. Sikumcheka marehemu, niliwacheka wataalamu, niliowaona akilini wakitokwa jasho kumkalisha wima mtu asiyeona tena sababu ya kukaa wima. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, lakini waliojitolea miili yao kwa sayansi waliulizwa wakiwa hai, wakatia saini, na nadhani ndiyo maana kicheko changu hakikunisuta sana. Kwenu ilikuwaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi kicheko changu kiliishia kwenye habari za Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1828 William Burke na William Hare waliwaua watu 16 na kuiuza miili yao kwa Dk. Robert Knox, aliyehitaji maiti za kufundishia anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa vilevile, na mifupa yake ingali inahifadhiwa katika chuo kikuu cha mji huo. Hapo nilicheka bila aibu. Niliposoma kwamba Hare aliachiliwa kwa kutoa ushahidi, na kwamba daktari hakushtakiwa kabisa, nilikifunga kitabu kwa wiki nzima, kwa sababu wale 16 hawakuwa wametia saini yoyote.

Mchangiaji wa pili: Nilisomea udaktari, kwa hiyo mizaha ya chumba cha kupasulia naifahamu; tuliitumia kuficha woga, hasa siku za mwanzo, harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ilipokuwa ikitufuata mpaka kitandani. Mwili tuliopewa sisi ulikuwa na sugu kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, ile inayowaota watu walioshika kalamu miaka mingi. Tulitania karibu kila kitu kilichokuwa juu ya meza ile, isipokuwa kidole hicho. Nilipokuwa nikisoma kitabu cha aina hiyo miaka mingi baadaye, kila mzaha niliupima kwa kidole kile, na si yote iliyofaulu.

Mchangiaji wa tatu: Nyumbani kwangu aliyeteseka ni mke wangu. Kila alipopita mezani alikigeuza kitabu kifudifudi, bila kusema neno. Asubuhi moja nilikikuta juu ya kabati, kimelazwa chali, kimefunikwa kitambaa cheupe.