"HII NI TAA, SIYO JIKO": Yule wa kikokotoo shingoni leo kanimaliza, wana Mwanza njooni

SatoMkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msiniangalie herufi.

Jina simtaji na hakuna haja. Aliyewahi kununua hata soketi mjini kati anamjua: yule aliyening'iniza kikokotoo shingoni kama medali, ukinunua globu moja ya elfu mbili na kumpa elfu mbili, lazima akokotoe kwanza. Huyo huyo.

Leo saa nne asubuhi, mbele ya watu kama tisa, kina mama wawili, dogo wa boda, na mzee mmoja aliyefuata fyuzi tu, huyu mtoto ambaye hajafika hata miaka 25 ameniangalia mimi, mtu wa miaka 47 mwenye mkwe, akasema: "Mdogo wangu, hii ni taa, siyo jiko."

Nilinunua TAA YA JOTO, wakuu. Ya joto. Nilivyomwambia wiki iliyopita ni hivi, neno kwa neno: nataka zile taa za infraredi, mbili za vifaranga nyumbani Buhongwa, moja ya kabati langu la sato wa kukaanga pale kijiweni. Akatikisa kichwa kama daktari. Akapanda ngazi, akashuka na maboksi matatu yameandikwa 250W kwa kalamu ya wino. Kwa kalamu! Nikajiambia labda ndiyo utaratibu. Elfu 35 kila moja.

Nimefunga zile mbili bandani. Nyekunduuu, banda zima limekuwa kama gesti ya stendi. Jirani kaja kuniuliza kama nimefungua baa na bia ni shilingi ngapi. Vifaranga mia, chotara, wa siku moja. Usiku wa kwanza wamekufa 12. Wa pili kukawa na manyunyu na upepo wa ziwani, wakafa 19. Nawakuta wamerundikana chini ya taa, mmoja juu ya mwingine kama dagaa kwenye gunia, wa chini wameshakuwa chapati. Ndipo nikaishika ile taa kwa mkono. Ya baridi! Ningeweza kuilalia kama mto.

Nimeirudisha leo kwa heshima zote. Kaitoa kwenye boksi, kaichomeka kwenye kile kibao chake cha kupimia, ikawaka. Akawageukia wale watu tisa, siyo mimi, wale watu. "Inawaka, haiwaki?" Wakajibu inawaka! Mpaka mzee wa fyuzi! Ndipo akaniambia: mdogo wangu, hii ni taa, siyo jiko, kama unataka moto kanunue mkaa.

Yule mama mmoja alicheka mpaka kashika nguzo.

Mdogo wangu!

Ngosha_wa_Magu

Nimeshakaa siti ya mbele, karanga ninazo. Endeleeni.

kinyozi_Igoma

Pole mkuu. Lakini "kama dagaa kwenye gunia" umeniua, niko na mteja nusu kichwa hapa ananishangaa.

Bi_Mkubwa_Nyakato

Swali dogo tu baba. Siku zote hizo mbili LUKU yako ilikuwa inasomaje?

SatoMkavu

LUKU ilikuwa na uniti 30, kesho yake asubuhi 29 na nusu. Tena nilifurahi, nikamwambia mke wangu wazungu wana akili, joto bila kula umeme.

Bi_Mkubwa_Nyakato

😂😂😂 Basi baba. Sina swali lingine.

Ngosha_wa_Magu

Joto bila kula umeme! Huyu asilaumu duka, huyu angeuziwa hata mwezi.

fundi_mita

Wakuu mcheke lakini tujifunze. Taa ya 250W ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Zako mbili zilitakiwa kumeza uniti 12 kwa siku. Ukiona uniti haishuki, jua na joto halipo, umeme haujifichi. Hapo ulipewa globu nyekundu ya LED ya sherehe, wati 9 hivi.

Taa yenyewe ya infraredi ni nzito mkononi, uso mpana kama bakuli, ndani kuna uzi wa waya unauona na mgongo umepakwa rangi ya fedha ili joto lote lishuke chini. Maandishi yamechapwa kwenye kioo chenyewe: wati na volti. Volti angalia sana, kwetu ni 230. Kuna za mitumba ya Marekani zimeandikwa 120, ukiichomeka tu inakupa mwanga mmoja mkali na kwaheri. Na holda iwe ya udongo, siyo ya plastiki, ile plastiki inayeyuka taa inaangukia maranda, banda lote moto. Ining'inize kwa mnyororo, usiitundike kwa waya wake.

SatoMkavu

Asante fundi, lakini hoja yangu siyo uniti. Hoja yangu ni ALIVYONIAMBIA. Mbele ya watu tisa. Hii ni taa siyo jiko. Kwani mimi sijui jiko? Nimezaliwa jikoni mimi.

MtuWaBugando

Mimi sielewi, Mwanza joto lote hili, kuku wanawashiwa taa ya nini? Hapa siyo Njombe.

fundi_mita

Mkuu, kifaranga wa siku moja anataka nyuzi joto 32 hadi 35, halafu unapunguza kama 3 kila wiki. Usiku wa Mwanza unashuka hata chini ya 20. Wewe unajifunika shuka, yeye ana manyoya ya pamba tu.

Wala huhitaji kipimo cha bei, waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, baridi. Wakikimbilia pembeni mdomo wazi, joto limezidi, pandisha mnyororo. Wakitawanyika wanakula, kalale. Anza na sentimita 45 au 50 kutoka chini. Rangi nyekundu ni nzuri kwao maana inapunguza kudonoana.

Ngosha_wa_Magu

Hata za SatoMkavu zilikuwa nyekundu, na hawakudonoana. Walikufa kwa amani.

SatoMkavu

Ngosha nitakutafuta.

mama_chips_Mkuyuni

Kaka SatoMkavu umesema ya tatu uliiweka kwenye kabati la sato? Ikawaje?

SatoMkavu

Usiniulize dada yangu. Sato akawa mwekundu kama kakasirika. Mteja wangu wa miaka yote, mwalimu, kaangalia kabati, kaangalia tena, kasema leo anafunga. Siyo Ramadhani wala Kwaresma.

mama_chips_Mkuyuni

Mimi yalinikuta hayo na chips, zilikuwa kama zimelowekwa kwenye damu. Ya chakula chukua ya kioo cheupe, chakula kinaonekana kama chakula. Na uliza ya kioo kigumu, maana tone la mafuta au maji likiirukia ile ya kawaida ikiwa ya moto inapasuka, vioo vyote ndani ya sato. Na taa haipikii wala haipashi kiporo, samaki aingie wa moto, yenyewe kazi yake kumshikilia asishuke chini ya nyuzi joto 60. Ukimwacha vuguvugu tangu asubuhi ndiyo hayo matumbo ya watu tunayosikia.

Bi_Mkubwa_Nyakato

Wabeja mama chips. Mimi ninayo moja ya kuota mgongo, kaniletea mwanangu. Naikalisha mbali kama hatua moja, dakika 15, basi. Jirani yangu mwenye sukari miguu imekufa ganzi, nikamkataza, maana ataungua asijue.

kinyozi_Igoma

Kwa hiyo bibi anaota moto, sato anaota, kuku wanaota. Sisi wengine tunaota jua la bure.

SatoMkavu

Jamani turudi kwenye mada. Mtu kakuuzia kitu cha joto, kinakuja baridi, unarudisha, anakwambia siyo jiko. Halafu "mdogo wangu". Kuna mtu hapa ameliona hilo neno kweli? MDOGO WANGU. Nina mjukuu.

Ngosha_wa_Magu

Asubuhi ulikuwa na mkwe, sasa hivi una mjukuu. Ukifika jioni utakuwa marehemu.

Mzee_wa_Ukerewe

Bibi yangu alilea vifaranga kwa chemli ndani ya boksi. Wengine jiko la mkaa ndani ya chungu. Taa za nini?

fundi_mita

Mzee shikamoo. Mkaa sawa, ila banda liwe na hewa. Ule moshi usioonekana hauna harufu, umeshamaliza kuku na waliolala nao. Na kwa anayeogopa LUKU, ni kweli taa inauma: moja tu ya 250, siku ya 13 umeshavuka uniti 75 za mwezi, umetoka kwenye ile bei ya mtumiaji mdogo. Zima mchana kukiwa na jua.

Mzee_wa_Ukerewe

Marahaba mwanangu. Basi mnasema taa, mimi niwaambie ya taa. Nimenunua taa za sola za kuvulia dagaa, nne. Usiku wa kwanza wa giza, tuko mbali na Ukara, ya kwanza ikazima saa tano, ya pili saa sita, mtumbwi mzima tumekaa kwenye giza tunaangalia taa za wenzetu kama mji. Ndoo mbili tu mpaka asubuhi! Watu watano tumegawana ndoo mbili.

Mwaloni_Kirumba

Mzee hilo ndilo jambo la kuanzishia uzi. Kuku 31 ni nini? Usiku mmoja wa giza ukiupoteza umeupoteza, mbalamwezi ikirudi hakuna cha taa wala nini.

SatoMkavu

KUKU 31 NI NINI??

Mwaloni_Kirumba

Mzee zilikuwa na betri za ndani au za pembeni? Za ndani ni kamari, zikilowa tu basi. Mimi nilirudi kwenye betri kubwa, naifunga juu ya boya ndani ya dumu lililokatwa.

Mzee_wa_Ukerewe

Za ndani. Nimejuta. Karabai ilikuwa inakula mafuta ya taa na inakuunguza vidole, lakini ukiipampu unajua inakufia lini.

kinyozi_Igoma

Hivi dagaa wanafuata joto au mwanga?

Mwaloni_Kirumba

Mwanga. Wanafuata vidudu vilivyofuata mwanga. Hiyo LED ya baridi ya SatoMkavu ungetundika ziwani ungevua.

Ngosha_wa_Magu

Kumbe jamaa aliuziwa vifaa sahihi, alikosea mifugo.

SatoMkavu

Nimefunga mjadala upande wangu. Kesho narudi pale na fundi, na mke wangu, na kifaranga mmoja.

mama_chips_Mkuyuni

Aliye hai au?

Mzee_wa_Ukerewe

Wanangu, giza linaanza Alhamisi na sina betri. Mwaloni umesema betri kubwa, ulichukua wapi hapo mjini?

Mwaloni_Kirumba

Mzee si kwa yule yule wa kikokotoo. Nilichukua kwake mbili mwaka jana, mpaka leo zinawaka. Ila usimuombe bei kabla hajamaliza kukokotoa.