Naomba ushauri: gitaa ninunue mtandaoni au kwa mwenye duka aliyenihudumia?

Mwanafunzi_wa_Gitaa (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tu humu bila kuandika, leo nimekwama kweli.

Najifunza gitaa kavu (lisilo la umeme), huu ni mwezi wa nane, na muda wote nimetumia la kuazima. Mwenyewe amelihitaji, kwa hiyo sina budi kununua langu. Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka, mtu mzima wa makamo, alinipa kigoda, akaniteremshia magitaa matano ukutani, moja baada ya jingine, na kila moja akalityuni kwanza ndipo akanikabidhi. Aliona nabana nyuzi katikati ya nafasi ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), akanisogeza kidole kikakaribia ukingo wa chuma, na sauti ikatulia pale pale. Nilikaa kama saa moja na nusu. Gitaa la nne ndilo lililoniingia moyoni.

Kufika nyumbani nikalitafuta mtandaoni. Kampuni ile ile, modeli ile ile, bei iko chini karibu robo nzima, na mzigo unaletwa mpaka mlangoni. Kwangu robo ya bei si hela ya kupuuza. Ila kila nikitaka kubonyeza pale pa kulipia, naiona mikono ya yule mzee ikikaza funguo.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Na gitaa la modeli moja si ni lile lile tu, litoke dukani au litoke ghalani?

Pita_Njia

Nunua mtandaoni mkuu. Hela umeitafuta kwa jasho lako, na biashara ni ushindani.

Karakana

Mleta mada, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Si lile lile. Natengeneza magitaa, yanapita mikononi mwangu kila wiki, na sijawahi kukutana na mawili ya modeli moja yaliyo sawa kabisa. Mbao zina tabia zake. Kinachotofautisha zaidi, hata hivyo, ni marekebisho.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa ipasavyo huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kupambana na mvuto huo, na fimbo hiyo inahitaji kurekebishwa kwa sababu mbao hupanuka na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Watengenezaji wengi wanataka gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Gitaa lililosafiri kwenye kontena, likakaa ghalani, kisha likaja kwako kwa gari, limepitia hewa za kila aina. Hewa ikiwa kavu sana, ubao wa shingo husinyaa na ncha za freti huchomoza pembeni, ukipitisha kiganja unaona kama msumeno.

Zaidi ya hapo, viwanda vingi huacha nyuzi zikiwa juu kidogo, kwani kuzishusha ni rahisi kuliko kuzipandisha. Chukua rula ndogo ya chuma, pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, uzi mnene ukiwa milimita 2.5 na mwembamba milimita 2 au pungufu kidogo, uko pazuri. Ukikuta 3.5 au 4, kodi ya F (ule mshiko unaobana nyuzi zote sita kwa pamoja) itakutesa hata ufanye mazoezi usiku na mchana. Kisha bana uzi kwenye freti ya tatu, uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Iwe nyembamba kama unywele. Ikiwa kubwa, mifereji ya kile kijiti cha kichwani, kinachopitisha nyuzi mwanzo wa shingo, haijachimbwa vya kutosha.

Hili linaniuma sana. Wanafunzi wengi wameacha gitaa wakiamini vidole vyao ni dhaifu, kumbe hakuna aliyewapimia nyuzi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei mbili, muulize mwenye duka kama bei yake ina marekebisho ndani. Upande wa mtandaoni, jumlisha gharama ya fundi, ndipo uone ile robo imebaki kiasi gani.

Kamba_Sita

Karakana kamaliza upande wa ufundi, mimi niseme la usafirishaji kwa sababu lilinikuta.

Niliagiza gitaa la umeme, lile la shingo ambayo kichwa chake kimeinama kwenda nyuma. Boksi lilifika zima, halina hata kona iliyobonyea. Nikafungua kasha, nikainua, kichwa kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi. Shingo ilikuwa imekatika nyuma ya kile kijiti cha kichwani, na mpasuko ulikuwa mweupe, mbichi. Baadaye nilielezwa kwamba pale ndipo penye mbao nyembamba, tena pamechimbwa kupitisha ile fimbo ya chuma, na nyuzi zikiwa zimekazwa, boksi likianguka chali mara moja tu inatosha.

Muuzaji alitaka picha za vifungashio, nami nilishavitupa. Nilirudishiwa hela baada ya wiki sita za kuandikiana. Mleta mada, ukiagiza, mwombe muuzaji alegeze nyuzi na ajaze kitu laini chini ya kichwa. Rekodi video tangu unapokata gundi ya boksi, na usitupe hata karatasi. Kama kuna baridi kali nje, liache boksi likiwa limefungwa ndani kwa saa kadhaa kabla ya kulifungua, maana joto la ghafla hupasua rangi.

Wa_Kushoto

Naomba niwasemee tunaotumia mkono wa kushoto. Dukani huwa nakuta gitaa moja la kwangu, au sikuti kabisa. Kuna wanaoniambia geuza nyuzi tu. Haitoshi: mifereji ya kichwani imechimbwa kwa unene wa kila uzi, kijiti cha darajani (kinachobeba nyuzi kule chini kwenye boksi la gitaa) kimekaa mshazari, na hata papi za mbao ndani ya boksi la gitaa kwa kawaida hazifanani kulia na kushoto. Bila mtandao ningekuwa bado napiga kwa mkono usio wangu.

Tena tusiweke duka na mtandao kama maadui wa kuzaliwa. Thomann, mojawapo ya maduka makubwa kabisa ya vyombo mtandaoni, lilianza mwaka 1954 kama duka la familia katika kijiji cha Treppendorf, Ujerumani. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria inayompa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, ingawa nauli ya kurudisha mzigo mara nyingi ni juu yake. Angalia masharti yako yanasemaje.

Mwalimu_wa_Nota

Mwanangu, nimefundisha muziki miaka mingi, na naona moyo wako umeshakuambia jambo. Ulichopokea pale dukani ni huduma, tena huduma kamili: kigoda, masikio ya mtu, na somo la kidole. Hayo yana gharama, na kwenye bei ya mtandaoni hayamo.

Sikulaumu kwa kutafuta nafuu. Usichopaswa kufanya ni kurudi pale ukajaribu tena, ukaondoka kwa kisingizio, kisha ukaenda kununua kwingine. Nenda umwonyeshe bei uliyoiona, mwambie wazi una kiasi gani. Asipoweza kushuka, pengine ataongeza begi, nyuzi za akiba au marekebisho. Ukiona bado huwezi, muage kwa heshima, atakuelewa.

Pita_Njia

Mwalimu, hapo nimekubali, nilijibu haraka. Karakana, na magitaa feki mtandaoni mtu anayajuaje?

Karakana

Punguzo la robo halinitishi. Jina kubwa likiuzwa kwa sehemu ya kumi ya bei yake, kimbia. Tazama kwenye tovuti ya mtengenezaji kama muuzaji huyo ni wakala wake, na uombe picha za gitaa lenyewe utakalopokea, pamoja na namba yake.

Mwanafunzi_wa_Gitaa (mleta mada)

Nimerudi wakuu. Leo asubuhi nilikwenda na simu mkononi, nikamwonyesha bei. Aliitazama kwa muda. Akasema hawezi kuifikia, hiyo inakaribia anayonunulia yeye. Nikamwomba apime nyuzi kama Karakana alivyoelekeza. Uzi mnene ulisoma milimita 3.5.

Akasema, "Kaa hapa." Akalegeza nyuzi, akachomoa kile kijiti cheupe cha darajani, akakisugua upande wa chini kwenye msasa aliougandisha juu ya kioo. Alikuwa anasugua mara chache, anapima, anasugua tena, na unga mweupe ukimjaa vidoleni. Akanieleza kwamba ili nyuzi zishuke milimita moja pale freti ya 12, kijiti lazima kipungue karibu milimita mbili. Alipomaliza nikabana F. Nyuzi zote sita zilitoka. Miezi minane sikuwahi kuisikia hivyo kutoka mkononi mwangu.

Nimelipa bei yake. Amenipa na seti ya nyuzi za akiba za 0.012 (unene wa uzi mwembamba kwa inchi), sawa na zilizopo. Karakana, nibaki na unene huo au nishuke hadi 0.011 kwa ajili ya vidole?

Karakana

Baki na hizo kwanza. Kijiti amekipunguza kwa mvuto wa 0.012. Ukiweka nyembamba zaidi mvuto unapungua, shingo inanyooka, na nyuzi zinaweza kuanza kugonga freti. Ukitaka kubadilisha, lipeleke kwake airegeze ile fimbo ya shingo kidogo, ni kazi ya dakika chache.