Dar hadi London peke yangu na watoto wawili: Nairobi, Doha au Addis?

MamaWawili: Wadau habari zenu. Mwezi ujao tunamfuata baba watoto Uingereza. Niko peke yangu na binti wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 10, kilo 9. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hakuna, hivyo nimebakiza njia tatu. Kupitia Nairobi, karuka kafupi ka saa moja na kitu, halafu kama saa 9 hadi London. Doha imegawanyika: kama saa 6, kisha 7. Addis ni kama 3 na 8, na kwa tarehe zangu ndiyo nafuu. Aliyepita na watoto bila msaidizi anisaidie mawazo.

Bibie_Upanga: Nairobi, tena ya usiku. Walishe uwanjani, wavalishe nguo za kulalia kabla ya kupanda, wataamka Ulaya. Ila iwe tiketi moja! Ukikata mbili tofauti kwa kuokoa vijisenti, mizigo utaipokea Nairobi, upite uhamiaji, ujipange foleni upya, mdogo yuko mgongoni na mkubwa anataka chooni. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imeondoka na hasara ni yako.

BabaNuru: Naishi huku Ghuba, na mama Nuru hupita Doha na wanetu. Mimi sikubaliani na saa 9 mfululizo kwa mtoto wa miaka 4. Akigoma kulala je? Doha anashuka, anakimbia, uwanja wa Hamad una sehemu za watoto kuchezea. Angalia tu muda wa kusubiri: saa moja na nusu ni kidogo mno, maana mwenye watoto hushuka wa mwisho na bado kuna ukaguzi tena. Tafuta ya saa 3 hivi.

Jambo jingine, kigari. Ukikiacha mlangoni mwa ndege Dar, usishangae kukiona London kwenye mkanda wa mizigo. Uliza kaunta mapema kinarudishwa wapi.

Mama_Kasarani: Kigari kiingie na mizigo tu. Funga mbeleko, mikono yote miwili inabaki huru, mmoja wa kumshika huyo mkubwa.

Wakala_Kkoo: Dada, nakata tiketi kila siku, na naona mnabishana njia wakati hamjagusa kiti.

Mdogo chini ya miaka 2 anakaa mapajani. Mashirika mengi hutoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mkubwa analipiwa kiti chake. Sasa kile kitanda cha mtoto kinachobanwa ukutani, safu ya mbele: viko vichache kila ndege, kwa hiyo piga simu siku ileile unayokata. Kikomo cha uzito hutofautiana, mara nyingi kilo 10 au 11. Wako anaingia bado.

Lakini fikiria hivi. Safu ile meza zimefichwa ndani ya mikono ya viti, kwa hiyo mikono hiyo haiinuki. Binti hawezi kulaza kichwa mapajani kwako akanyoosha miguu. Begi la pampasi nalo halikai miguuni wakati wa kupaa na kutua, linapandishwa juu. Na taa ya mkanda ikiwaka unamtoa mdogo kitandani, hata kama ndiyo kwanza kasinzia. Kama mdogo ndiye msumbufu, chukua kitanda. Kama ni mkubwa, bora safu ya kawaida, dirishani akae yeye.

Bibie_Upanga: Hilo la mikono ya viti ni kweli tupu. Mpwa wangu alilala kaketi kama askari wa lindo.

Shangazi_Mkwaju: Mwanangu, beba vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili na barua ya baba yao kuridhia safari, iwe na muhuri wa wakili. Uhamiaji wa Uingereza wanaweza kuuliza, hasa kama jina lako la ukoo si la watoto. Usivitie kwenye sanduku la kwenda chini. Na ndege ikianza kushuka, mpe mdogo ziwa, masikio yasimuume. Mkubwa mpe pipi.

MamaWawili: Shikamoo shangazi, ahsante. Wakala, umenigeuza. Mdogo wangu analala popote, balaa ni huyu dada yake. Addis naiacha, bei ni nzuri ila ndege niliyoiona inaondoka alfajiri na ratiba yao ya kulala itavurugika yote. Nachukua Nairobi ya usiku, tiketi moja, safu ya kawaida. Swali la mwisho: uji kwenye chupa ukaguzini unapita?

BabaNuru: Chakula na maziwa ya mtoto hupita hata zaidi ya mililita 100, kwa kiasi cha safari. Watakwambia ufungue, kwa hiyo weka juu juu kwenye begi. Chupa ya maji ya moto acha tupu, wahudumu watakujazia.